Rubani wa miaka 65: Nani amwambie mzee ashuke?

Mwaka 2025 Jumuiya ya Kimataifa ya Mashirika ya Ndege, IATA, iliomba umri wa mwisho wa marubani wa ndege za abiria upandishwe kutoka miaka 65 hadi 67. Ombi hilo lilipelekwa kwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililokuwa na Mkutano Mkuu wake mjini Montreal, Canada, na halikukubaliwa. Sheria ya kimataifa ikabaki kama ilivyokuwa. Kwa ndege yenye marubani wawili au zaidi, mwisho ni siku rubani anapotimiza miaka 65. Kwa ndege inayorushwa na rubani mmoja peke yake, mwisho ni miaka 60.

Habari hii haikupewa uzito mkubwa kwetu, na si ajabu. Mtu anayegombania daladala pale Mtongani alfajiri hana sababu ya kujiuliza rubani wa Dreamliner alizaliwa mwaka gani. Lakini mimi imenikaa moyoni, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo si la marubani peke yao. Ni swali la kila aliyebeba amana ya roho za watu. Ni nani mwenye haki ya kumwambia basi, inatosha? Na akimwambia, atumie kipimo gani: mwaka wa kuzaliwa, au hali ya mtu mwenyewe?

Jirani yangu mmoja hapa Kunduchi ni rubani mstaafu. Sitamtaja jina wala shirika alilofanyia kazi, maana hakuniruhusu. Sisi tunamwita Kapteni, naye ananiita Mwalimu, na mara nyingi baina ya alasiri na magharibi tunakaa barazani tukibishana. Kapteni alisimamishwa kurusha ndege siku alipotimiza miaka 65. Hakuwa na ugonjwa. Hakuwahi kuvunja ndege. Swali lake ni moja na halibadiliki: "Mwalimu, Jumatano nilikuwa salama kubeba watu mia na hamsini. Alhamisi nikawa hatari. Hebu nieleze, usiku ule kulitokea nini?"

Kwa hakika usiku ule hakukutokea kitu. Na anayetaka kuitetea sheria hii, kama mimi ninavyotaka, hana budi kuanza kwa kukiri hilo, asijifiche nyuma ya neno "usalama" kama vile neno lenyewe ni hoja.

Wala historia ya namba hizi haimsaidii mtetezi. Kanuni ya kuwastaafisha marubani wakiwa na miaka 60 ilitangazwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1959 na ikaanza kutumika mwaka 1960. Mkuu wa mamlaka ya anga ya Marekani wakati huo alikuwa Elwood Quesada, jenerali mstaafu. Mapema mwaka huo wa 1959, C. R. Smith, mkuu wa shirika la American Airlines, alikuwa amemwandikia barua kumtaka aweke umri huo. Shirika hilo lilikuwa na mgogoro na marubani wake waliokataa kustaafishwa wakiwa na miaka 60, na ndizo siku ndege za jeti zilipokuwa zinaingia, ambapo kila rubani wa zamani alitakiwa kufundishwa upya kwa gharama. Quesada alipoondoka serikalini, haikuchukua muda akaketi kwenye bodi ya American Airlines. Msomaji anaweza kujijazia mwenyewe.

Namba 60 ilidumu Marekani karibu nusu karne. ICAO ilipandisha hadi 65 Novemba 2006, kwa sharti kwamba rubani wa pili awe chini ya miaka 60. Marekani ikafuata Desemba 13, 2007. Mwaka 2014 ICAO iliondoa sharti la rubani wa pili. Japani ilikwenda mbali zaidi, na tangu 2015 inawaruhusu marubani wake kuendelea hadi watimize 68. Sasa kama 60 ilikuwa mpaka wa usalama, mbona ulisogea? Na kama usalama ni 65, Wajapani wamejaaliwa mioyo ya namna gani?

Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikutana na swali hilo Septemba 2011. Marubani wa Lufthansa walilalamika kwamba mkataba wa shirika lao unawaondoa wakiwa na miaka 60 wakati sheria za nchi na za kimataifa zinaruhusu 65. Mahakama ilisema huo ni ubaguzi wa umri, kwa kuwa sheria zenyewe hazikuona haja ya kukataza kabla ya 65. Tazama lakini, haikusema kwamba kuweka kikomo ni dhulma. Ilisema tu kwamba huwezi kutumia usalama kama kisingizio pale ambapo usalama haukudai.

Utafiti nao hauko upande mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kuwafuatilia marubani 3,306 wa ndege ndogo za abiria na za kukodi, waliokuwa na umri wa miaka 45 hadi 54 mwaka 1987, kwa muda wa miaka kumi. Uwezekano wa ajali haukupanda walipotoka mwishoni mwa arobaini kuingia mwishoni mwa hamsini. Waliokuwa na saa 5,000 hadi 10,000 angani walipata ajali chini ya nusu ukiwalinganisha na wenye saa pungufu ya 5,000. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford walichapisha habari za marubani 118 wa umri wa miaka 40 hadi 69, waliopimwa kwenye simuleta mwaka baada ya mwaka. Wazee walianza wakiwa chini ya vijana, lakini miaka ilivyokwenda walishuka kidogo kuliko vijana, na wenye ujuzi mkubwa walijihami vizuri zaidi.

Kapteni anayajua haya yote kwa moyo. Anajua pia kwamba Chesley Sullenberger, aliyetua na Airbus juu ya mto Hudson mjini New York Januari 15, 2009 baada ya ndege wa angani kuzima injini zote mbili, na watu wote 155 wakatoka hai, alikuwa na umri wa miaka 57. Al Haynes, aliyeiongoza DC-10 isiyo na usukani hadi Sioux City Julai 19, 1989, na watu 184 kati ya 296 wakanusurika, naye alikuwa na miaka 57. Miaka mitatu zaidi na kanuni ya wakati wake ingemkuta nyumbani.

Kwa upande wa pili, rubani wa Germanwings aliyejifungia ndani na kuigongesha ndege kwenye milima ya Alps Machi 24, 2015, akaua watu 150 pamoja na nafsi yake, alikuwa na miaka 27. Madaktari walikuwa wamemwandikia kwamba hafai kufanya kazi. Aliificha karatasi.

Basi, utasema, hoja imekwisha, Kapteni ameshinda. La hasha. Nitaeleza kwa nini, na nitaanzia hapa hapa ufukweni.

Ukishuka Kunduchi Pwani asubuhi vyombo vinapoingia, utawaona manahodha wa kila umri. Hakuna sheria inayomwambia nahodha wa mashua kwamba mwisho wake ni miaka 60. Wapo wazee ambao hadi leo wakikuambia usipite upande ule wa Mbudya maji yakitoka, ukawapuuza, utajuta. Na wapo wazee wengine, mabingwa kuliko hao, ambao hawashiki tena usukani. Wanakaa kivulini wanashona nyavu, na vijana huwaendea kuuliza habari za upepo. Walistaafishwaje? Hawakuandikiwa barua. Baharia mmoja alianza kupata udhuru, leo anaumwa, kesho ana msiba, halafu ukamwona chombo kingine. Wa pili akamfuata. Mwenye chombo akaelewa. Na mzee, kwa kuwa ni mzee, akaelewa kabla yao wote, akasema magoti yanamsumbua.

Nahodha yule alipimwa na watu wanaolala naye baharini. Walimwona alipochelewa kutambua mkondo. Walisikia alipouliza jambo lile lile mara mbili. Walikuwa na njia ya kukataa, nayo ni miguu yao wenyewe.

Wanazuoni wa hadithi walikutana na jambo hili hili zaidi ya karne kumi na mbili zilizopita. Mpokezi wa hadithi hubeba amana kubwa kuliko ndege, kwani akikosea neno moja umma unakosea naye vizazi na vizazi. Na wapokezi huzeeka. Wanazuoni walikuwa na jina la hali hiyo, ikhtilat, yaani kumbukumbu kuchanganyika. Hawakuweka umri. Walimfuatilia mtu mmoja mmoja. Ata bin as-Saib, kwa mfano, walisema waliosikia kwake zamani riwaya zao ni nzuri, na waliosikia kwake mwishoni waangaliwe. Fikiria kazi iliyohitajika, kujua kila mwanafunzi aliingia mlango wa sheikh mwaka gani.

Na kuna habari ya Jarir bin Hazim wa Basra, aliyefariki mwaka 170 Hijria. Kumbukumbu yake ilipoanza kuchanganyika, wanawe, ambao wenyewe walikuwa watu wa hadithi, waliliona. Wakamzuia asikutane na watu. Hakuna aliyesikia kwake hadithi katika hali ile, na kwa hiyo riwaya zake zikabaki na heshima yake ikabaki. Mimi kila nikiikumbuka habari hii hujiuliza ilikuwaje nyumbani mle, siku ya kwanza wanafunzi walipobisha hodi na mtoto akatoka kusema baba hapokei wageni. Mzee alikasirika? Alilia? Wanahistoria hawasemi. Lakini wale watoto walifanya kitu kigumu kuliko kuandika barua ya kustaafisha, na walikifanya kwa sababu walimpenda baba yao na waliipenda amana aliyoibeba.

Sasa niambie, ndugu msomaji: ndani ya ndege, watoto wa Jarir ni nani?

Si abiria. Abiria hamwoni rubani. Humsikia kidogo kwenye kipaza sauti akitaja futi na hali ya hewa, basi. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 mlango baina yao ni wa chuma na hufungwa kwa ndani. Abiria hajui kama kapteni aliuliza jambo moja mara mbili. Na hata angejua, hana miguu ya kuhamia chombo kingine akiwa futi 30,000 juu ya Dodoma. Baharia wa Kunduchi anaweza kumkataa nahodha wake. Mama anayempeleka mgonjwa Mwanza hawezi.

Si mwajiri pia. Sisemi waajiri ni watu wabaya, ila mwajiri ana masilahi pande zote mbili. Marubani wakiwa adimu atataka mzee abaki, kama IATA ilivyotaka mwaka 2025. Mzee akiwa na mshahara mkubwa na kijana yuko tayari kwa nusu yake, atataka aondoke, kama Smith alivyotaka mwaka 1959. Usalama atautaja mara zote mbili.

Labda daktari? Hapa Kapteni husimama imara. Sheria yenyewe inataka rubani aliyezidi miaka 60 apimwe afya kila miezi sita, na mara mbili kwa mwaka huingia kwenye simuleta akapewa moto wa injini na upepo wa kukata. "Anipime," anasema, "akiona kasoro anitoe, hata nikiwa na arobaini. Asipoiona aniache." Ni hoja ya haki, na nchi tajiri zenye vipimo vizuri zingeweza kuijadili. Lakini daktari hupima alichoonyeshwa. Moyo unajionyesha kwenye mashine, jicho linajionyesha ubaoni. Kule kuchelewa kidogo kuamua, kule kung'ang'ania njia ya kwanza wakati hali imebadilika, huwa hakuonekani katika chumba cha daktari mtu akiwa amelala vizuri na amejiandaa. Na rubani ambaye mshahara wake unategemea jibu la daktari ana kila sababu ya kuficha. Mwaka 2023 ilifahamika kwamba mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa inawachunguza marubani wapatao 4,800, askari wa zamani, waliokuwa wakipokea fidia za ulemavu serikalini huku fomu zao za urubani zikiwa hazitaji maradhi hayo. Ndiyo, wengi walisafishwa baadaye. Lakini ni Marekani hiyo, yenye kompyuta kila ofisi.

Kwetu sisi, Aprili 2017, uhakiki ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Siwatuhumu madaktari wa anga. Sina ushahidi na sitaki dhambi hiyo. Nasema tu kwamba nchi iliyopitia hayo inajua kuwa cheti ni karatasi, na karatasi huandikwa na mtu mwenye jamaa, mwenye njaa na mwenye huruma. Huruma hasa. Nani kati yetu angemwandikia mzee wa miaka 66, aliyemsomeshea mpwa wake, kwamba leo ubongo wako umepungua kasi? Tungemwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Anabaki mtu mmoja, rubani wa pili. Huyu ndiye angeweza kuwa mtoto wa Jarir. Yuko karibu, anaona kila kitu, anajua kazi, na roho yake imo mle mle. Na mfumo mzima wa usalama umejengwa juu yake. Madaktari wengi wa anga huhesabu kwamba rubani wa ndege ya watu wawili asiwe na uwezekano unaozidi asilimia 1 kwa mwaka wa kuzidiwa ghafla, wakitegemea kwamba mwenzake atashika. Na kweli hushika. Juni 18, 2009 kapteni wa ndege ya Continental, mtu wa miaka 60, alifariki angani baina ya Brussels na Newark, na wenzake wakatua salama na abiria 247 ambao wengi hawakujua kilichotokea mpaka walipofika. Kifo cha ghafla, basi, si tatizo kubwa. Maiti haipingi mtu akichukua usukani.

Tatizo ni mkubwa aliye hai, mwenye saa elfu ishirini, anayekosea kwa sauti ya uhakika.

Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Douala, Kameruni, katika hali mbaya ya hewa, ikaanguka kwenye kinamasi muda mfupi baadaye. Watu wote 114 walikufa. Ndege ilikuwa nzima, mpya, haijatimiza mwaka. Kapteni alikuwa na miaka 52 na msaidizi wake miaka 23. Ndege iliinama upande kidogo kidogo gizani bila wao kutambua, na uchunguzi ulitaja kupotea kwa mwelekeo na kukosekana kwa ushirikiano kati ya wawili hao. Miaka thelathini kabla yake, Machi 27, 1977 kisiwani Tenerife, kapteni wa KLM wa miaka 50, rubani aliyewekwa kwenye matangazo ya shirika lake, alianza kuruka ndani ya ukungu bila ruhusa. Fundi wake wa ndani ya ndege aliuliza kama ndege nyingine imeshatoka njiani. Kapteni akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Haikuwa imetoka. Walikufa watu 583.

Hakuna kati ya makapteni hao aliyefikia hata miaka 60. Ndiyo maana siitumii mifano hii kusema wazee ni hatari. Naitumia kuonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mdogo kumwambia mkubwa "hapana". Na kama ilikuwa vigumu kwa Mholanzi, itakuwaje kwetu? Sisi tuliolelewa kutoa shikamoo kabla ya kusema neno lolote. Sisi ambao kijana akimsahihisha mzee mbele za watu, hata akiwa sahihi, huulizwa amefundishwa na nani. Adabu hii ni mali yetu na sitaki tuitupe. Lakini weka ndani ya chumba kile kidogo mzee wa miaka 68 na kijana wa miaka 24 aliyefundishwa kazi na mzee huyo huyo. Mshahara wa kijana, na pengine hata posa yake, vinategemea neno la mzee. Unategemea atasema "Kapteni, naomba unipe usukani, umechoka"? Mashirika hufundisha marubani wasemezane bila woga, na mafunzo hayo yamesaidia sana duniani. Ila huyo kijana anarudi nyumbani kila jioni, na nyumbani wanamfundisha kinyume chake.

Hapo ndipo namba inapopata kazi. Pale ambapo aliye karibu anaogopa, mwenye ndege ana masilahi, daktari ana huruma na abiria haoni, kitu pekee kisicho na jamaa ni tarehe. Haimpendi Kapteni wala haimchukii, na hakuna anayelazimika kumwambia mzee wa watu usoni kwamba amepungua. Inawatendea sawa aliyepungua na ambaye hajapungua, na hiyo ni dhulma kwa huyu wa pili. Nakubali, ni dhulma. Lakini ukiiondoa, mzigo wa makosa yetu ya huruma utaangukia watu ambao hawakuulizwa, waliofungiwa nyuma ya mlango wa chuma na mikanda kiunoni. Kati ya kumnyima Kapteni miaka miwili aliyokuwa anaimudu, na kuwaweka watu mia na hamsini chini ya mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumpima kweli, nachagua la kwanza. Kapteni anaweza kulalamika barazani. Wao hawana baraza.

(Kuna wanaosema hata tarehe huchezewa, mtu akaapa mahakamani kwamba alizaliwa mwaka ambao mama yake alikuwa bado mwari. Ni kweli. Lakini mwongo wa umri ana karatasi moja ya kughushi, nayo hukamatika.)

Kwa ndege za rubani mmoja sioni hata haja ya mjadala mrefu. Baadhi ya ndege ndogo zinazokwenda visiwani na mbugani zina kiti kimoja tu cha mtu anayejua. Pale hakuna wa kumpokonya usukani.

Nikiwa hapa niseme jambo ambalo wenzangu barazani hulisema kwa kicheko. Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania hustaafu akiwa na miaka 60, wa Mahakama ya Rufani 65. Rubani 65. Dereva wa nchi hana kikomo. Uganda walikuwa nacho, miaka 75 kwa anayegombea urais, na Bunge likakifuta Desemba 2017. Kameruni wamemchagua tena Oktoba 2025 mtu wa miaka 92. Kama hoja yangu ya mlango wa chuma ina uzito kwa watu mia na hamsini, wenye mamlaka ya kuandika katiba watafakari uzito wake kwa milioni sitini na moja waliohesabiwa mwaka 2022. Mimi si mwanasiasa, narudi kwa marubani.

Ninaporudi, narudi na deni. Anayekubali kwamba sheria hii inamdhulumu mtu asiye na kosa kwa faida ya wengine, hawezi kuishia kusema pole. Hao wengine waliofaidika wana wajibu. Mara nyingi kwetu mtu anastaafu Ijumaa, na Jumatatu mlinzi wa getini anamuuliza anamtafuta nani. Sote tunajua mjadala wa kikokotoo cha pensheni ulivyowaumiza wazee wa nchi hii, wanaosubiri mafao kama wanasubiri mvua. Mtu anayeona hivyo mbele yake atafanya nini? Ataficha presha. Ataficha kwamba usiku haoni vizuri. Si kwa ubaya, ni kwa ada za shule. Wizara na mashirika wanaozungumzia usalama wa anga wakae na hesabu hii: rubani wa miaka 58 anayejua kwamba akisema ukweli kuhusu moyo wake atalipwa bima ya kupoteza leseni na atapewa kazi ya chini, atasema. Asiyekuwa na bima hiyo atanyamaza, na tutamjua siku hiyo tu. Shirika lisilowakatia marubani wake bima hiyo lisituambie linajali abiria.

Kuhusu kazi ya chini, ipo tele. Sheria ya miaka 65 inamkataza mtu kurusha abiria. Haimkatazi kufundisha darasani, kukaa nyuma ya vijana kwenye simuleta, kukagua taratibu, kuchunguza ajali. Chuo cha Soroti kule Uganda kilianzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ili tusiwe tunawapeleka vijana ng'ambo, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na tangu hapo wengi wetu tunajifunza urubani kwa watu na kwa dola. Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo kimepewa jukumu la kufundisha marubani hapa hapa. Kapteni anakaa umbali wa daladala mbili kutoka Mabibo. Tangu astaafu hajapigiwa simu na mtu yeyote kuulizwa kama anaweza kwenda hata siku moja kwa wiki kuwaeleza vijana kunakuwaje kutua Bukoba wingu likiwa limelala juu ya ziwa. Nilimuuliza kama angekwenda bila malipo. Akanijibu kwamba malipo ayataka, maana naye anakula, lakini sharti lake la kwanza lingekuwa jingine: katika darasa lake asiwepo kijana wa kumwita mzee, na kila mmoja, kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye simuleta, amkatalie jambo moja kwa sauti na aeleze sababu.